Tezi Ndogo ya Shingo na Moyo wa Mama

Mama akisema kwamba moyo wake unakwenda mbio, mara nyingi majibu huwa tayari kabla hajamaliza kueleza. Mmoja atasema ni presha. Mwingine atasema ni mawazo, kwa sababu ada za shule zimekaribia. Wa tatu, kama mama huyo amefika miaka hamsini, atasema ni mambo ya kukoma hedhi, basi avumilie. Na hawakosekani watakaonong'ona kwamba kuna mtu amemtazama kwa jicho baya. Ni mara chache mtu humwambia, "Mama, hebu tuiangalie na shingo yako."

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya shingo hiyo. Ndani yake kuna tezi ndogo ambayo ikiharibika, moyo huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kupata taabu. Tena ugonjwa huu unatuhusu sisi wanawake kuliko waume zetu. Madaktari wanakadiria kwamba wanawake hupata matatizo ya tezi hii mara tano hadi nane zaidi ya wanaume. Kwa hiyo ni jambo la nyumbani kwetu.

TEZI YENYEWE

Tezi hii madaktari huiita thairoidi. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Mtu mzima kiafya huwezi kuiona kwa macho.

Kazi yake ni kutengeneza homoni. Ile inayotengenezwa kwa wingi huitwa thairoksini, na wataalamu huiandika kwa kifupi T4. Nyingine, yenye nguvu zaidi, ni T3. Ili kuzitengeneza, tezi huhitaji madini joto, ambayo tunayapata katika chakula, hasa samaki wa baharini na chumvi iliyotiwa madini hayo. Homoni hizo huingia katika damu na kupelekwa kila mahali mwilini, na kila kiungo huambiwa kifanye kazi kwa kasi gani.

Tunaweza kuzifananisha na mtu anayepuliza moto wa jiko. Akipuliza kwa kiasi, chakula huiva vizuri. Akipuliza bila kupumzika, chakula huungua na mkaa huisha upesi. Akiacha kabisa, moto hufifia na maharage hukaa jikoni mchana kutwa bila kuiva.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho waraka wake wa kwanza, sura ya 12, aliwaeleza kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Yeye alikuwa akifundisha juu ya Kanisa, lakini tukiiangalia tezi hii na moyo tunaona jinsi mfano wake ulivyo wa kweli hata katika mwili wenyewe.

HOMONI INAVYOUGUSA MOYO

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa siku moja huwa umepiga zaidi ya mara 100,000, bila likizo wala Jumapili. Homoni ya thairoidi inaingia katika kazi hiyo kwa njia kadhaa. Huongeza kasi ya mapigo na nguvu ya msuli wa moyo. Hulegeza mishipa midogo ya damu ili damu ipite kwa urahisi. Tena huliwezesha ini kuondoa katika damu yale mafuta mabaya yaitwayo kolesteroli. Kwa hiyo homoni ikizidi, moyo unachapwa mijeledi kama punda wa mizigo, na ikipungua, moyo unalegea na mishipa inaanza kuziba polepole.

MOTO UKIZIDI

Mama ambaye homoni yake imezidi huona moyo unakwenda mbio hata akiwa amekaa, na hata usiku akiwa kitandani. Anakula vizuri, pengine kuliko zamani, lakini anakonda. Anatokwa jasho wakati wenzake wanajifunika kanga. Mikono inatetemeka akimimina chai. Usingizi unampaa, hasira ziko karibu, na choo kinakuwa chepesi. Hedhi yaweza kupungua. Wengine shingo huvimba, na wengine macho hutokeza kana kwamba wameshtushwa.

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosa kuelewana. Mume huona mkewe amebadilika tabia, watoto humwogopa, na majirani wakiona kukonda huanza kutaja magonjwa mengine kwa kunong'ona. Kumbe mama ni mgonjwa, tena ugonjwa wenye tiba.

Moyo ukiendeshwa hivyo kwa miezi mingi waweza kupoteza mpangilio wake. Badala ya kupiga kwa mwendo mmoja, vyumba vyake vya juu hutetemeka ovyo. Damu ikituama katika vyumba hivyo huweza kuganda, na donge likipanda kichwani huleta kiharusi. Moyo waweza pia kuchoka hata ukashindwa kusukuma damu. Ndipo miguu huvimba na mama hukosa pumzi akipanda kilima kidogo tu. Katika mji wa Framingham, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa miaka kumi. Mwaka 1994 walitangaza kwamba wale ambao vipimo vilionyesha dalili ya homoni kuzidi walipata ugonjwa huu wa moyo kupiga ovyo kama mara tatu zaidi ya wenzao.

Faraja ni kwamba homoni ikirudishwa katika kiasi chake, kwa wagonjwa wengi mapigo ya moyo hurudi katika mwendo wake wa kawaida. Lakini kadiri tunavyochelewa, ndivyo nafasi hiyo inavyopungua.

MOTO UKIFIFIA

Upande wa pili ni homoni kupungua. Huu huja kimyakimya, na ndio unaowadanganya wengi. Mama anachoka tangu asubuhi. Anaona baridi wakati wengine wako sawa. Ngozi inakauka hata akijipaka mafuta, nywele zinakatika, sauti inakwaruza, choo kinakuwa kigumu. Anaongezeka uzito ingawa hali chakula kingi. Hedhi inakuja nzito, na mimba yaweza kuchelewa kushika. Anasahausahau, na moyo wake unakosa furaha. Watu husema amekuwa mvivu, au amenenepa kwa raha za mume.

Wakati huo huo moyo unapiga polepole. Kolesteroli inapanda kwa sababu ini haliiondoi kama inavyopaswa. Mishipa inakakamaa, na ile namba ya chini ya presha inaweza kupanda. Kwa wenye upungufu mkubwa, maji huweza kujikusanya kuuzunguka moyo. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapima wanawake 1,149 wenye umri mkubwa, na mwaka 2000 walieleza kwamba hata wale ambao upungufu wao ulikuwa mdogo, usio na dalili za wazi, walionekana zaidi kuwa na mishipa iliyoziba na kuwa wamewahi kupata shambulio la moyo.

Pamoja na hayo, si kila upungufu mdogo unahitaji dawa. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Ulaya kwa wazee 737 wa miaka 65 na zaidi wenye upungufu mdogo. Waliopewa dawa hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo uamuzi huu ni wa daktari anayemjua mgonjwa wake, wala si wa kuiga kutoka kwa rafiki.

WALIOTUTANGULIA

Uhusiano wa shingo na moyo haukugunduliwa jana. Mwaka 1786, daktari Caleb Parry wa mji wa Bath, Uingereza, alimwona mama mmoja mwenye mume, wa miaka 37, ambaye shingo yake ilivimba na moyo wake ukapiga kwa nguvu baada ya kujifungua. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1825, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1835 Robert Graves wa Dublin, Ireland, akaeleza habari za wanawake watatu wenye hali kama hiyo, na hadi leo aina moja ya ugonjwa huu huitwa kwa jina lake. Ona kwamba tangu mwanzo wagonjwa walikuwa akina mama.

Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa mji wa Bern, Uswisi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Alikuwa Mkristo wa dhati wa Kanisa la Moravian, ambalo ndugu zetu wa Mbeya na Tabora wanalijua vizuri.

Na kuhusu dawa, mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mama wa miaka 46 aliyekuwa katika hali mbaya kwa upungufu wa homoni. Alimdunga sindano za maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi, na katika muda huo zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 800. Siku ya Krismasi mwaka 1914, Edward Kendall wa Marekani akafaulu kuitenga thairoksini yenyewe. Leo mama humeza kidonge kimoja kidogo kila asubuhi, na hakuna haja ya kondoo tena.

CHUMVI, MUHOGO NA ROVU

Wengi wetu tuliokulia nyanda za juu tunalijua rovu, ule uvimbe wa shingo. Huko Mbeya, Iringa, Rukwa na Kigoma lilikuwa jambo la kawaida, kwa sababu mvua za miaka mingi zimeosha madini joto katika udongo wa milimani. Tezi ikikosa madini hayo hujitanua ili ikamate hata kidogo kinachopita. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti waliona pia kwamba muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huzidisha tatizo. Ndiyo maana mama zetu walitufundisha kuuloweka na kuuanika. Walikuwa na hekima.

Kenya ilianza kutia madini joto katika chumvi katika miaka ya 1970, na Tanzania ikaweka sheria yake katika miaka ya 1990. Hii imewasaidia watoto wetu kuliko tunavyoweza kueleza. Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto, uihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Lakini usizidishe. Kwa ajili ya presha na moyo, mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na chumvi iliyo tayari katika vyakula vya dukani.

Jambo moja tungependa mabinti walichunguze kwa mama na bibi zao. Mtu aliyekaa na rovu lenye mabonge kwa miaka mingi, akianza kupata madini joto, tezi yake yaweza kuzalisha homoni kupita kiasi. Katika miaka ya 1990 madaktari waliliona jambo hili Zimbabwe na Kivu, mashariki ya Kongo, na wapo wagonjwa ambao moyo uliathirika. Hii si sababu ya kuiacha chumvi hiyo, kwa maana faida yake ni kubwa mno. Ni sababu ya kumpeleka bibi hospitali akianza kukonda na kulalamika moyo, badala ya kusema ni uzee.

MIMBA NA BAADA YA KUJIFUNGUA

Mtoto aliye tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, hutegemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ukue. Kwa hiyo mama anayetumia dawa za tezi asiziache anapopata mimba. Aende kliniki mapema, maana mara nyingi kiasi cha dawa huhitaji kuongezwa, na dawa za kupunguza homoni huenda zikabadilishwa.

Tena, katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, karibu akina mama 5 katika kila 100 hupata uvimbe wa tezi usiouma. Kwanza moyo unakwenda mbio kwa wiki kadhaa, kisha unafuata uchovu na huzuni. Mara nyingi husemwa ni kwa sababu ya kukesha na mtoto. Ni kweli kukesha kunachosha, lakini kipimo cha damu kitaondoa shaka.

TUJIPIME

Kila mama anaweza kuhesabu mapigo yake. Kaa utulie dakika tano. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Tazama saa na uhesabu kwa dakika nzima. Ukipata zaidi ya 100 kwa siku kadhaa ukiwa umetulia, au chini ya 60 pamoja na uchovu, au mapigo yanayorukaruka bila mpango, nenda ukaonane na daktari. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzirai, au mdomo kwenda upande na mkono kulegea, haya hayasubiri kesho. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kisha simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa maji na uangalie kama kuna kitu kinachopanda na kushuka chini ya kikoromeo.

Kipimo chenyewe ni cha damu, na huitwa TSH. Hii ni homoni inayotoka katika tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuiamuru thairoidi. Ni kama mama anayemwita mtoto aliye uani: mtoto asipoitika, mama hupandisha sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake thairoidi imelegea. TSH ikiwa chini sana, kwa kawaida maana yake thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Vituo vya afya vingi havina kipimo hiki, lakini hospitali kubwa huwa nacho. Uliza bei mapema, na kama una bima ya afya uliza kama inakubalika.

DAWA NA UANGALIFU

Homoni ikizidi, daktari aweza kutoa dawa ya kuipunguza, kama kabimazoli, na nyingine ya kutuliza moyo, kama propranololi. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kupewa hiyo ya pili. Anayetumia kabimazoli akipata homa na koo kuuma, arudi hospitali mara moja apimwe damu, kwa sababu dawa hiyo mara chache huangusha chembe nyeupe. Wengine hutibiwa kwa upasuaji au kwa madini joto yenye mionzi, ambayo hayatolewi kwa mama mjamzito wala anayenyonyesha.

Homoni ikipungua, dawa ni thairoksini. Imezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisiamu vikae mbali nayo kwa saa nne. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishiwa kiasi kidogo sana na kuongezwa polepole, maana moyo uliozoea kwenda taratibu haupendi kukurupushwa. Kwa wengi dawa hii ni ya maisha. Kujisikia vizuri kusikufanye uiache, kwa kuwa ndiyo inayokufanya ujisikie vizuri.

Pia tunawaonya dada zetu juu ya vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa kienyeji. Vingine hutiwa homoni hii, na huweza kuuharibu moyo uliokuwa mzima. Na anayetumia dawa ya moyo iitwayo amiodaroni ajue kwamba ina madini joto mengi, hivyo tezi yake inahitaji kupimwa mara kwa mara.

IMANI NA MATIBABU

Wapo akina mama wanaoogopa kwamba kwenda hospitali ni kupungukiwa imani. Tukumbuke kwamba Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu. Na yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili hakulaumiwa kwa kuwaendea waganga. Bwana alimpokea na kumwita binti. Tuombeane, tena kwa bidii, na tukimaliza kuomba tusindikizane kliniki.

Katika vikundi vyetu vya akina mama hili linawezekana. Mkikutana mwezi huu, chukueni dakika kumi mfundishane kuhesabu mapigo ya moyo. Mwulizeni yule mwenzenu aliyeacha kuja kwa sababu ya uchovu kama ameshapimwa. Changieni nauli ya yule asiyekuwa nayo. Na wewe mwenye mume, msomee ukurasa huu jioni, ili siku moja ukisema moyo unakwenda mbio, naye ajue kwamba huna wivu wala uvivu, na kwamba safari ya kwanza ni hospitali.